Kwa nini DVD halali kutoka ng'ambo hugoma kucheza Tarime na Serengeti

Na Mwandishi Wetu, Tarime

DISKI ya DVD iliyonunuliwa dukani Minneapolis, ikiwa halali na mpya kabisa, inaweza kufika Tarime mjini ikiwa bado imefungwa katika nailoni yake, ikaingizwa kwenye deki iliyo nzima, na isionyeshe chochote zaidi ya mstari mmoja wa maandishi unaosema kwamba haikukusudiwa kwa eneo hili. Wakati huohuo diski ya bandia iliyochukuliwa Sirari mpakani, yenye filamu kadhaa zilizobanwa pamoja, itacheza katika deki hiyohiyo bila kusita.

Mwenye nyumba akiona hivyo huamua mojawapo ya mambo mawili. Ama deki imeharibika na inapaswa kupelekwa kwa fundi, ama ndugu aliyeko ng'ambo ametuma kitu kibovu. Kwa kawaida yote mawili si kweli. Fundi atafungua kifuniko, atapangusa lensi, atapokea malipo yake, na diski itaendelea kugoma, kwa sababu kinachoizuia ni namba iliyoandikwa ndani yake kwa makusudi na waliyoitengeneza.

Namba hiyo ndiyo inayoitwa namba ya ukanda. (Lugha yetu inaleta utata kidogo hapa, kwa kuwa wengi wanapolisikia neno kanda hukumbuka kanda za video za miaka ya nyuma; ukanda unaozungumzwa hapa ni sehemu ya dunia.) DVD ilipoanza kuuzwa nchini Japani Novemba 1996, kisha Marekani Machi 1997, kampuni kubwa za filamu za Marekani zilikuwa na hofu moja kubwa. Filamu ilikuwa ikionyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani, na miezi kadhaa baadaye ndipo ikafika Ulaya, Asia na Afrika. Endapo diski ingetoka Marekani kabla filamu haijafika katika sinema za London, nani angelipa kiingilio? Ili kuziba mwanya huo, na pia kuziruhusu kampuni zipange bei tofauti katika nchi tofauti, dunia iligawanywa katika kanda sita zenye namba, na kila deki ikatakiwa kukataa diski isiyo ya ukanda wake.

Tanzania iliwekwa katika ukanda wa 5, pamoja na Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika, na vilevile Urusi, India, Pakistan, Mongolia na Korea Kaskazini. Marekani na Kanada ni ukanda wa 1. Ulaya Magharibi, Japani na nchi za Mashariki ya Kati, Oman ikiwamo, ni ukanda wa 2. Nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na Korea Kusini ni ukanda wa 3, Australia na Amerika ya Kusini ukanda wa 4, na China peke yake ni ukanda wa 6. Ipo pia namba 8, iliyotengwa kwa ajili ya ndege na meli za abiria.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Afrika yenyewe haikuwekwa pamoja. Afrika Kusini, Lesotho, Swaziland ambayo sasa inaitwa Eswatini, na Misri zilipelekwa katika ukanda wa 2, kundi moja na Ulaya. Kwa maana hiyo diski iliyonunuliwa Isebania, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, ni ya ukanda uleule wa Tarime, lakini iliyonunuliwa Johannesburg ni ya ukanda mwingine. Katika eneo kama Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na kuwaleta wataalamu kutoka mabara kadhaa, si ajabu sanduku moja la diski kuukuu likawa na namba tatu tofauti ndani yake.

Wala tatizo hili si la wanyonge peke yao. Machi 2009, Rais Barack Obama wa Marekani, ambaye asili ya baba yake ni Nyanza nchini Kenya, si mbali na mpaka wa Mara, alimkabidhi Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, zawadi ya DVD 25 za filamu mashuhuri za Kimarekani. Baadaye mwezi huohuo magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba diski hizo zilikuwa za ukanda wa 1, zisizochezeka katika deki za kawaida za Uingereza. Ikiwa Ikulu ya Marekani iliteleza katika jambo hili, shangazi wa mtu aliyeko Minneapolis hastahili kulaumiwa.

Namna kizuizi kinavyofanya kazi

Kimsingi utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwanzoni mwa kila DVD ya filamu lipo faili dogo linaloitwa VIDEO_TS.IFO, ambalo deki hulisoma kabla ya kitu kingine chochote. Ndani yake mna alama nane, moja kwa kila ukanda, zinazoonyesha wapi diski inaruhusiwa na wapi imekatazwa. Deki nayo ina namba yake iliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Namba zikiafikiana filamu inaanza, zisipoafikiana deki inasimama. Diski isiyokataza ukanda wowote huitwa ya ukanda 0, nayo hucheza kila mahali.

Hapo ndipo penye kichekesho chenye uchungu. Anayedurufu filamu kinyume cha sheria huondoa namba hiyo, kwa kuwa hana sababu ya kumzuia mnunuzi yeyote. Matokeo yake, kizuizi kilichobuniwa kulinda biashara halali kimemsumbua zaidi mtu aliyelipa bei kamili, na kumwacha mwenye diski ya bandia akitazama filamu yake kwa raha. Aidha, kwa kuwa kampuni hizo kubwa hazikujali sana soko la Afrika Mashariki, diski halali zilizotengenezwa mahususi kwa ukanda wa 5 na kufika katika maduka ya Tarime au Mugumu zilikuwa adimu mno. Ukanda uliwekewa uzio kabla haujapelekewa bidhaa.

Filamu za Kitanzania zilizotamba enzi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, hazikuwa na tabu hiyo. Diski za aina hiyo, kama zilivyo nyingi za Kinigeria na Kihindi zilizouzwa nchini, kwa kawaida hazikuwekewa kizuizi cha ukanda. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na deki miaka mitano asijue kama ina namba, hadi siku zawadi kutoka ng'ambo inapowasili.

Kutambua kama kweli ni tatizo la ukanda

Kabla ya kuhangaika na namba, ni busara kuhakikisha kwamba ndizo zenye kosa, kwa sababu vumbi la kiangazi la Mara nalo lina sehemu yake katika kugoma kwa deki. Kitu cha kwanza ni kutazama mgongo wa kasha. Diski ya kampuni kubwa huwa na alama ya tufe dogo la dunia lenye namba katikati. Ikiwa ni 5, au neno la Kiingereza ALL, au 0, basi ukanda hauhusiki na sababu itafutwe kwingine.

Kitu cha pili ni namna deki inavyokataa. Tatizo la ukanda hujitokeza upesi: diski inazunguka, deki inaitambua, kisha ndani ya sekunde chache unatokea ujumbe kuhusu ukanda, au picha ya tufe, au deki inasimama kimya. Lakini deki ikizunguka kwa muda mrefu, ikatoa mlio wa kukwaruza, kisha ikadai kwamba hakuna diski, huo ni uchafu wa lensi, mikwaruzo, au diski isiyokamilishwa. Filamu ikianza vizuri na kukwama katikati, ukanda hauwezi kuwa sababu, kwa maana hukaguliwa mwanzoni. Fundi mwaminifu atajaribu kwanza diski nyingine anayojua kuwa nzima kabla hajashika bisibisi.

Lipo pia tatizo ambalo hufananishwa na la ukanda ilhali ni jingine kabisa. Filamu inaanza, sauti inasikika, lakini picha haina rangi, au inapanda na kushuka kwenye kioo kama pazia. Hapo kinachogongana ni mifumo ya televisheni. Tanzania na Kenya, kama sehemu kubwa ya Ulaya, zilijengwa juu ya mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha kamili 25 kwa sekunde. Marekani na Japani zilitumia NTSC, yenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Japani na Uingereza ni za ukanda mmoja wa 2, lakini mifumo yao ya picha ni tofauti; hivyo mtu anaweza kuvuka kizuizi kimoja akakwama katika cha pili.

Kwa bahati nzuri kikwazo hiki cha pili si kigumu kwa upande wetu. Deki nyingi zilizouzwa nchini zina uwezo wa kusoma mifumo yote miwili. Kinachotakiwa ni kuingia katika orodha ya mipangilio kwa rimoti, kutafuta sehemu ya aina ya televisheni, na kuchagua PAL, au ile inayoruhusu deki ijiamulie yenyewe. Televisheni ya zamani yenye kioo kinene ikionyesha picha nyeusi na nyeupe, tiba yake kwa kawaida iko hapo hapo.

Deki ya sebuleni

Deki za bei nafuu kutoka China zilizojaa madukani katika miaka ya 2000 mara nyingi zilifika zikiwa tayari zimefunguliwa kwa kanda zote, au zikiwa na njia ya kufunguliwa kwa rimoti pasipo kugusa bisibisi. Njia hiyo hufanana katika deki nyingi: trei inafunguliwa pasipo diski, mfuatano fulani wa namba unabonyezwa, kisha orodha iliyofichwa inajitokeza ambapo mtumiaji anachagua 0 au 9 badala ya namba ya ukanda mmoja. Mfuatano wenyewe hutofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine, hata kwa deki za chapa moja, hivyo mwenye deki anapaswa kutafuta ule wa modeli yake hasa, ambayo jina lake huandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya deki. Kubonyeza namba za kubahatisha kumewaachia watu wengi deki iliyojifunga kwa nywila ya wazazi.

Deki za chapa kubwa za Kijapani zilikuwa kaidi zaidi. Baadhi hazina orodha ya siri, na kuzifungua kulihitaji kubadilisha programu ya ndani au kipande cha elektroniki. Katika hali kama hiyo gharama ya fundi inaweza kuzidi thamani ya deki, na ni afadhali kutafuta njia ya kompyuta.

Kuanzia mwaka 2000 kampuni za filamu zilijibu mbinu ya kufungua deki kwa kuweka ukaguzi wa ziada katika baadhi ya diski za ukanda wa 1. Diski ya namna hiyo huiuliza deki ukanda wake. Deki iliyowekwa 0 inajitia mtegoni, na kioo huonyesha ramani ya dunia pamoja na maelezo ya kukataa. Dawa yake ni kuingia tena katika orodha iliyofichwa na kuandika 1 badala ya 0 kabla ya kuweka diski hiyo, kisha kurejesha 0 baadaye.

Hatari iliyofichika katika kompyuta

Panapohitajika tahadhari kubwa ni kwenye kompyuta, kwa kuwa huko kosa linaweza kuwa la kudumu. Tangu Januari 1, 2000, visomaji vya DVD vya kompyuta vilitakiwa kutunza namba ya ukanda ndani ya kisomaji chenyewe, si katika Windows. Mtumiaji anaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu. Baada ya mara ya tano kisomaji hubaki katika ukanda wa mwisho uliochaguliwa. Kufuta Windows na kuiweka upya hakusaidii, kwa sababu hesabu haiko kwenye Windows.

Chukulia kompyuta mpakato iliyotumika Uingereza, ikauzwa kama mtumba na kununuliwa na mwalimu wa Mugumu. Ilikuja ikiwa ukanda wa 2. Mwalimu anaingiza diski kutoka Marekani, kompyuta inamuuliza kama abadilishe ukanda, anakubali. Wiki ijayo anaweka diski ya Ulaya, anakubali tena. Kila kubofya kunapunguza hesabu moja, na hajui mmiliki wa kwanza alikwishatumia ngapi. Siku moja ujumbe hautokei tena, na kisomaji kimefungwa katika namba ambayo huenda hana diski yake hata moja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutokubali swali hilo kwa haraka. Katika Windows, hesabu iliyobaki inaonekana kwa kufungua orodha ya vifaa vya kompyuta, yaani Device Manager, kuchagua kisomaji cha DVD, kufungua sifa zake na kutazama ukurasa wa ukanda. Kuangalia hakupunguzi chochote, kubadilisha ndiko kunakopunguza.

Kanuni ya pili ni kujaribu kwanza programu ya VLC, inayotolewa bure na wataalamu wa VideoLAN wa Ufaransa. Programu hii haiulizi habari za kubadilisha ukanda, na katika kompyuta nyingi husoma diski ya namba yoyote bila kugusa ile hesabu. Si kila kisomaji kinakubali. Vipo vinavyokataa kutoa data za diski ya ukanda mwingine hata VLC ikiomba. Lakini kujaribu hakugharimu kitu, na programu hiyo inahitajika kwa vyovyote, kwani tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Windows kwa kawaida haiji na uwezo wake yenyewe wa kucheza DVD.

Diski za harusi na misiba

Mazungumzo yote hayo yanahusu filamu za kununuliwa. Kwa familia nyingi za Tarime na Serengeti diski yenye thamani kuliko zote haikununuliwa dukani: ni ile ya harusi ya kijana wao, au ya mazishi ya babu, iliyorekodiwa na mpiga picha wa mjini na kuandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo haina namba ya ukanda. Ikigoma, sababu ni nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba mrekodi hakuikamilisha. Diski ya kurekodia inahitaji hatua ya mwisho ya kuifunga ili ieleweke na deki nyingine; ikirukwa, diski itacheza katika mashine iliyoirekodi tu. Ikiwa mrekodi bado ana mashine ileile, anaweza kuikamilisha hata baada ya muda mrefu.

Sababu ya pili huonekana diski inaposafirishwa. Mkanda wa harusi uliorekodiwa Tarime huwa wa PAL, na deki nyingi za Marekani, tofauti na zetu, hazikuzoea kusoma PAL. Ndugu wa Minneapolis atakayesema kwamba diski aliyotumiwa ni mbovu ashauriwe kuiweka kwenye kompyuta kabla hajaitupa, kwa kuwa kompyuta haijali PAL wala NTSC.

Ya tatu ndiyo inayotisha kuliko namba zote. Diski ya kurekodia hutunza picha katika tabaka la rangi ya kemikali, ambalo hudhoofishwa na jua, joto na unyevu. Diski zilizorekodiwa mwaka 2005 au 2008 na kuachwa juu ya kabati karibu na dirisha huenda baadhi zimekwisha kuanza kupoteza data, na kompyuta mpya karibu zote sasa zinauzwa bila kisomaji cha DVD. Kisomaji cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB bado kinapatikana, na kimoja kinaweza kuhudumia ukoo mzima au vibanda kadhaa vya mafundi.

Kwa Serengeti jambo hili lina upande wake wa pekee, kwa kuwa wilaya hiyo imepigwa picha na wageni kwa zaidi ya nusu karne. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu hifadhi hiyo, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, iliwatambulisha nyumbu wa Serengeti kwa ulimwengu. Diski ya filamu kama hiyo inaponunuliwa Ujerumani, ikiwa imepigwa namba 2 kama ilivyo desturi ya ukanda huo, haitacheza katika deki iliyofungwa kwa ukanda wa 5 huko Robanda, kijiji kinachopakana na wanyama walewale wanaoonyeshwa ndani yake. Watalii nao, wakishatumiwa anwani, wamezoea kurudisha picha zao za safari kwa waongozaji wa Mugumu. Walizorekodi wenyewe hazina kizuizi. Walizozinunua dukani ndizo za kuangaliwa tufe lake.

Kunakili diski ya familia hakuhitaji utaalamu mkubwa. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, hivyo flashi ya gigabaiti 8 inatosha kwa moja, na diski kuu ya nje inatosha kwa za ukoo wote. Diski ikifunguliwa kwenye kompyuta, ndani yake huonekana folda mbili. Iliyoandikwa VIDEO_TS ndiyo yenye kila kitu, na inapaswa kunakiliwa yote kama ilivyo pasipo kuchagua mafaili, kisha kufunguliwa kwa VLC ili kuthibitisha kwamba inacheza tangu mwanzo hadi mwisho kabla diski haijarudishwa kabatini. Folda ya pili, AUDIO_TS, kwa kawaida huwa tupu. Sauti ya harusi imo pamoja na picha katika ile ya kwanza.